Orodha Iliyovunjwa

Kila Jumatano, baada ya chakula cha mchana, Greta Brandvold alikwenda maktaba kwenye kikao cha baraza la wanafunzi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mjumbe wa klabu ya kuteleza kwenye theluji. Katika shule yao mjini Helena, klabu nne zilituma wajumbe watatu watatu, na hao kumi na wawili ndio walioamua fedha zilizochangwa na wazazi zinunue nini.

Jumatano hiyo kijicho kilikuwa kimemkaa Greta kooni kama mwiba wa samaki. Mbele yake aliketi Noelle Pacheco, mpiga ngoma wa bendi. Noelle alikuwa amepigwa picha na gazeti la mji. Noelle alisalimiwa hata na mkuu wa shule kwa jina. Jana tu mama yake Greta alisema, "Yule mtoto ana mikono ya ajabu." Na Greta, aliyeshinda mbio za kilomita tano kwenye baridi ya kukata masikio, aliambulia "hongera" moja tu. Sasa bendi ilitaka ngoma kubwa mpya.

Mwalimu Okerlund alisoma orodha: ngoma ya bendi, pazia la klabu ya maigizo, taa za klabu ya vitabu, viatu vya wateleza theluji. "Kama kawaida, tutaipigia kura moja yote. Mwisho ni Ijumaa. Tusipopitisha, fedha zinakwenda kwenye mfuko wa wilaya."

Greta alinyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini tufunge vitu vinne kwa kamba moja? Kila ombi lisimame kwa miguu yake. Ndiyo haki."

Lilikuwa neno zuri, na wajumbe wengi walikubali. Hakuna aliyeona kilichojificha nyuma yake.

Ombi la ngoma likapigiwa kura kwanza. Kura tatu tu za ndiyo, zote za bendi. Greta aliinamisha uso kuficha tabasamu. Likafuata pazia: tatu. Taa: tatu. Kila klabu iliona kwamba ikiwapa wengine, chake kitapungua. Vilipofika viatu, Greta aliinua mkono pamoja na wenzake wawili, akageuka kutazama nyuma. Mikono mingine yote ilikuwa mezani.

"Basi hakuna kilichopita," alisema Mwalimu.

Baba yake alipokuja kumchukua, Greta alimsimulia yote garini. Baba alikuwa karani wa bunge la jimbo, na alisikiliza huku akifuta ukungu kwenye kioo.

"Bungeni ni hivyo hivyo," alisema. "Mbunge wa huku anataka barabara, wa kule anataka hospitali. Hakuna mwenye kura za kutosha peke yake. Na ukimpitishia mwenzako chake leo, kesho anaweza kukusahau. Kwa hiyo wanayafunga matumizi yote katika mswada mmoja: wapate wote siku moja, au wakose wote. Tena muda ukibana, kura moja ni nyepesi kuliko kura kumi."

"Kumbe ni vizuri?"

"Si siku zote. Furushi kubwa huficha mengi. Nimeona mswada wa kurasa mia tisa ukiletwa asubuhi na kupitishwa jioni. Nani aliusoma? Kwa hiyo neno lako lilikuwa na maana, mwanangu. Ila lilitoka wapi?"

Greta alitazama theluji kando ya barabara. "Sikutaka Noelle apate," alisema mwishowe.

"Hilo kamwambie mwenyewe."

Alhamisi alimkuta Noelle chumba cha muziki, akibandika utepe kwenye ngoma iliyochanika.

"Umekuja kucheka?" Noelle aliuliza.

"Hapana. Niliivunja orodha kwa sababu yako. Nilikuonea kijicho. Haki niliisingizia tu."

Noelle akaigonga ngoma. Ilitoa sauti ya ndoo. "Unaionea kijicho hii?"

"Naionea mikono yako."

"Mimi na wewe tunashindana nini, Greta? Kuteleza kwenyewe siwezi hata hatua kumi." Akatupa utepe mezani. "Haya, tuifunge orodha upya. Twende kwa wale wa vitabu kwanza. Wale hawana maneno mengi."

Wa vitabu walikubali. Wa maigizo walikaza: pazia, na mashine ya moshi juu yake.

"Moshi wa nini?" Noelle aliuliza.

"Wa kwenye mchezo," alijibu Desmond, kiongozi wao. "Bila moshi, hatuna kura."

Greta akawaendea wenzake wa klabu. Wateleza theluji wakapunguza jozi mbili za viatu, mashine ikapata nafasi.

Ijumaa baraza lilikutana tena. Greta aliomba ruhusa, akasoma orodha nzima kwa sauti, mstari kwa mstari, moshi ukiwemo. Kura kumi na moja zikasema ndiyo. Mmoja wa bendi alikataa. Bado alikuwa na hasira ya Jumatano, na hakuna aliyemlaumu.

Jioni Greta alimwambia baba yake, "Bado kinanichoma kidogo, Baba. Akisifiwa."

"Kitachoma," Baba alisema. "Kijicho hakiombi ruhusa ya kuingia. Lakini usikipe kura. Ulikipa Jumatano, nacho hakikumnyima Noelle peke yake; kiliwanyima watu wote, na wewe mwenyewe ukiwa wa mwisho kwenye foleni."