Majimaji ya Dira

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa dira za meli, mtu makini. Si kama mimi, niliyezunguka nusu ya dunia na bado hupotea nikitafuta choo cha hoteli.

Aliitwa bandarini mchana kubadilisha majimaji ya dira, yale yanayouwezesha kuelea mpira wa chuma wenye gurudumu linalozunguka ndani yake na kuionyesha meli kaskazini. Nahodha alikuwa shemeji yake, na meli ilisubiri sahihi ya fundi tu ing'oe nanga.

Chumba cha dira kilikuwa chini kabisa, taa imeungua. Alipofungua kifuniko, majimaji yaliyopaswa kuwa maangavu yalimtiririkia mkononi mazito, ya vuguvugu, yakivutika kama makamasi na kunuka mdomo wa mtu aliyetoka kulala. Akatapika kwenye ndoo yake mwenyewe.

"Shemeji, una mimba?" nahodha alimtania kutoka mlangoni. "Weka sahihi twende zetu."

"Kitu hiki kinanuka mdomo, shemeji."

"Basi kipigishe mswaki!"

Fundi akasafisha, akajaza majimaji mapya, akafunga, akaliwasha gurudumu kulijaribu, kisha akazima umeme. Akaegemeza shavu kwenye kioo cha dira asikilize gurudumu likitulia. Mvumo ukafifia, ukaisha. Kisha, ndani ya chombo kilichofungwa, kitu kikaanza kumeza, funda baada ya funda, bila haraka.

"Shemeji," alinong'ona, "washushe watu wako."

Akamulika tochi. Majimaji yalikuwa yamepungua nusu. Na upande wa ndani wa kioo, palepale alipoegemeza shavu, ute ulikuwa ukiteremka kutoka kwenye alama ya ulimi mpana.