Jino la Mshona Sanda

Mimi ni mtu wa kinyaa, simfichi mtu. Nikikuta unywele kwenye mchuzi, siku hiyo basi, sili tena. Marehemu mume wangu alikuwa akinicheka, anasema nimezaliwa mahali pasiponifaa, maana mtaa wetu wa Buyenzi ni gereji ukuta kwa ukuta, na mfereji wa maji machafu unapita mbele ya mlango. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba niliyoyaona kinywani mwa mdogo wangu Asiya sikuyatazama kwa kupenda. Niliyatazama kwa sababu nilikuwa nimemshika mkono.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tatu, mwaka 1996. Asiya alikuwa barazani na cherehani yake, anapandisha pindo la gauni. Alipomaliza mshono akainama, akakata uzi kwa meno. Mkasi ulikuwa pale pale pembeni, lakini toka utotoni yeye na mkasi mbalimbali. Jino lake la mbele, la juu upande wa kulia, lilikuwa limechimbika kijipengo kidogo kwa kazi hiyo, na alikuwa akikionyesha kwa majivuno, eti ndiyo cheti chake cha ufundi. Siku ile alipouma uzi, aliruka kwenye kigoda akashika mdomo.

Kesho yake jino lilikuwa na rangi ya chai kavu. Keshokutwa ufizi ukavimba, na aliponisalimia nilirudi nyuma hatua moja. Ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja, lakini harufu ile ilinishinda.

Jino lingine lolote lisingetushughulisha. Hili lilikuwa la mbele, na zilikuwa zimebaki wiki tano aolewe. Mposaji alikuwa Amur, wa ukoo wa Kiarabu wenye duka la vitambaa mjini, aliyefiwa na mkewe Basma mwaka mmoja nyuma kwa homa. Asiya alikuwa na miaka ishirini na tisa, na watu walikwisha kumkatia tamaa. Kilichobaki ni kibali cha mama mkwe, Bibi Ghanima. Huyo alichagua mchumba kama alivyochagua bafta, anageuza, anavuta, ananusa. Kabla ya Asiya alikwisha kumrudisha binti mmoja wa mtaa wa Jabe kwa sababu ya pengo la mbele, na alisema hadharani kwamba pengo haliingii nyumbani kwake.

Nikampeleka Asiya Jabe, kwa daktari wa meno, Docteur Herménégilde, aliyekuwa na chumba nyuma ya soko. Mtu mpole, mikono safi. Akagonga jino kwa kijichuma, akanusa kijichuma, akakiweka chini haraka.

"Jino imekufa ndani," akasema. "Kuna njia mbili. Tunaitosha, tunaing'oa leo, inaisha. Ao tunadévitaliser. Naua mushipa, nausafisha, nafunga. Jino inabaki mahali yake, ila inabaki maiti."

Asiya akauliza kama kuna la bandia. Daktari akasema fundi wa meno ya bandia amekimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, toka vita vilipofika mtaa wa Cibitoke, na hajui atarudi lini. Basi Asiya hakuhitaji kufikiri. Abaki na maiti yake, ilimradi Bibi Ghanima asione pengo.

Jioni tukamweleza Shangazi Mwanne, dada wa baba yetu. Shangazi ndiye aliyekuwa anaosha maiti za wanawake mtaani kwetu, na Asiya ndiye aliyekuwa akimshonea sanda. Kwetu jino likitoka linazikwa, na kucha zinazikwa, na nywele pia. Shangazi alisikiliza, akaacha kuchambua mchele.

"Kitu imekufa inazikwa," akasema. "Haiwekwi kinywani, unapitishia chakula na dua juu yake. Litoshe, mutoto wangu."

Asiya akajibu kwamba kwa Shangazi ni rahisi kusema, kwani ameshaolewa mara tatu. Tukacheka. Shangazi hakucheka.

Ijumaa tukarudi Jabe. Daktari akampiga sindano ya ganzi, akatoboa jino kwa nyuma. Usaha ulitoka kwanza, wa kijani, ukashuka kwenye ulimi. Nikatazama dari. Kisha akachukua kisindano chembamba chenye miiba, akakiingiza kwenye tundu, akazungusha, akavuta.

Kikatoka kitu cheupe.

"Ndiyo mushipa?" nikauliza.

Alivuta tena. Kitu kikazidi kutoka, kimelowa, kinang'aa usaha, urefu wa kidole, kisha shubiri, kisha kikafika kwenye kiwiko cha daktari. Ulikuwa uzi. Akaukata kwa mkasi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama dada yangu anakula nyuzi. Nikamwambia anazikata kwa meno, ndiyo kazi yake. Akashika hilo kwa mikono miwili, maskini, kwamba basi nyuzi zimejisokota zikaingia humo. Akaweka pamba yenye dawa, akatwambia turudi baada ya wiki mbili.

Mimi nilikuwa nimenusa harufu nyingine chini ya usaha. Kafuri, ile wanayopakwa maiti. Nilijiambia ni dawa ya daktari.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Asiya uani, amechuchumaa karibu na mfereji, anavuta. Pamba ilikuwa imetoka. Uzi ulikuwa unashuka mdomoni taratibu, na yeye anauzungushia kwenye kigurudumu kitupu cha uzi, mkono umezoea, macho yamejaa machozi. Nikamuuliza kama inauma. Akatikisa kichwa kwamba haiumi. Inatekenya, akasema baadaye, inatekenya mpaka nyuma ya jicho.

Kila asubuhi ikawa hivyo. Akila wali, anatafuta uzi kati ya punje. Akinywa maji, kikombe kinabaki na utando juu. Wateja walianza kuchukua vitambaa vyao bila kushonewa, wanasema watarudi, na mkono uko puani. Mimi nilihamisha sahani zangu, nikazitenga na za mdogo wangu, na mpaka leo naona haya.

Kigurudumu kilipojaa, niliutazama uzi vizuri mchana wa jua. Uzi wa dukani umenyooka. Huu ulikuwa na mawimbi madogo madogo mwili mzima. Fundi yeyote anajua maana yake. Uzi wa namna hiyo haukutoka kwenye gurudumu. Umechomolewa kutoka kwenye kitambaa kilichokwisha kufumwa.

Na mtaani kwetu kuna kitambaa kimoja tu kinachoshonwa kwa uzi uliochomolewa humo humo. Nikafunika kigurudumu kwa bakuli.

Alhamisi iliyofuata Bibi Ghanima akaja kumtazama mkwe. Tulifukiza ubani nyumba nzima, Asiya akatafuna karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi. Alikaa mkekani ameinama, anajibu kwa kichwa, na Bibi Ghanima akapenda, akadhani ni haya za bibi harusi. Chai ikaja. Asiya akanywa fundo moja, akashusha kikombe, na pembeni mwa mdomo kukabaki uzi mweupe, mfupi, kama wa kushonea.

"Fundi wangu huyu," Bibi Ghanima akasema kwa upole, "hata chai anakunywa na kazi yake."

Akanyoosha vidole, akaushika uzi ili amtolee.

Ukaja. Akavuta kidogo. Ukaja tena. Tabasamu likabaki usoni pake peke yake, mkono unaendelea kuvuta, kwa sababu mkono haukujua kuacha. Uzi ukalundikana mapajani pake juu ya buibui, umelowa, na unaleta mate na damu nyeusi iliyoganda. Asiya alikuwa amefumba macho. Kisha Bibi Ghanima akauinua kwenye mwanga wa mlango. Aliuza bafta miaka arobaini. Akausugua kati ya vidole, akaunusa.

Mimi nilitapika kwenye sinia la vitumbua.

"Hii bafta nilikata mwenyewe dukani kwangu," Bibi Ghanima akanong'ona. "Nilimupa Mwanne. We ndo ulishona sanda ya Basma?"

Asiya akaitikia kwa kichwa.

"Ulifanya nini?"

Hapo ndipo yakatoka. Siku aliyokufa Basma risasi zilikuwa zinalia upande wa Cibitoke, saa ya couvre-feu, ya kutotoka nje, imekaribia, na wanaume wako mlangoni na jeneza wanahimiza. Sheria ya Shangazi Mwanne ilikuwa moja na haikuwa na mjadala, kwamba uzi wa sanda unachomolewa kwenye sanda yenyewe, unakatwa kwa mkono, na mate ya aliye hai hayaugusi. Asiya aliijua kuliko mimi ninavyolijua jina langu. Lakini uzi ukakataa kukatika, akainama akauuma. Na alipokuwa anauuma, alisema akilia, alitazama ile nyumba ya marehemu, mapazia yake, kabati la vyombo, akamwona Amur amesimama uani, akajisemea moyoni kwamba nyumba hii sasa iko wazi. Uzi ulikatika. Kipande kilichobaki mdomoni alikimeza.

Nilidhani Bibi Ghanima atampiga. Alikwenda kwenye ndoo, akanawa mikono mpaka viwikoni, mara tatu.

"Litoshe," akasema. "Kama haulitoshe, usikanyage kwangu. Pengo nitavumilia. Ile, apana."

Basi yule yule tuliyemwogopa kwa pengo ndiye aliyelidai. Asiya angeweza kucheka, laiti mdomo ungekuwa wake.

Kesho yake asubuhi tukajiandaa kwenda Jabe. Hatukufika hata kona. Mji ulikuwa umefungwa, ville morte, vijana wamewasha matairi barabarani, maduka yote kimya, na habari ni kwamba itakuwa siku tatu. Tulirudi. Asiya alikuwa ameanza kukohoa. Uzi sasa ulikuwa unashuka pia upande wa ndani, kooni, na alikuwa anaumeza bila kutaka. Midomo ikawa ya buluu.

Shangazi Mwanne akamwita Karimu, fundi wa magari wa ukuta wa pili. Karimu akachemsha koleo lake kwenye sufuria yangu, sufuria niliyoitupa baadaye. Hapakuwa na ganzi. Nilimshika Asiya mkono, Shangazi akamshika kichwa, akasoma dua.

Karimu akabana. Akavuta.

Jino likalia. Sisemi kwa utani. Lilitoa mlio wa kitambaa kinachochanwa.

Likatoka. Nyuma yake uzi. Karimu akarudi nyuma, koleo mkononi. Hatua moja. Ya pili. Uzi unakuja. Akapita mlango. Akapita uani. Asiya ametoa macho, koo linacheza. Kisha uzi ukaisha, na mwishoni mwake kulikuwa na fundo. Asiya akalitazama. Lilikuwa fundo lake mwenyewe, la kuzungusha mara mbili, hakuna mwingine mtaani aliyelifunga hivyo.

Shangazi alilifunga jino pamoja na uzi wote ndani ya kipande cha bafta. Mahali pake palikuwa kaburini kwa Basma, na kabla ya Magharibi. Lakini njia ya makaburini ilikuwa ile ile ya matairi. Nani angepita pale na maiti ya jino? Tukachimba uani, chini ya kamba ya nguo, tukalizika kwa muda. Asiya alilala usingizi mzuri, na asubuhi alikula wali sahani mbili.

Siku ya tatu njia zikafunguka. Tukafukua. Bafta ilikuwepo, imefungwa vile vile, vifundo vya Shangazi havijaguswa. Shangazi akafungua. Uzi ulikuwepo wote. Jino halikuwepo.

Tulichekecha udongo kwa chekeche la unga mpaka adhuhuri. Uzi tukaupeleka kaburini, tukaufukia, tukaomba msamaha. Njiani kurudi Shangazi alisema neno moja tu, kwamba tumezika nguo tukamwacha mwenyewe.

Ndoa ilifungwa. Bibi Ghanima alitimiza ahadi yake, akavumilia pengo, na Amur hakujali hata kidogo. Ule mwaka uliobaki, pamoja na vita vyote, sikuwahi kumwona mdogo wangu ana furaha kama ile.

Mwanzo wa mwaka uliofuata akajifungua mtoto wa kike. Mkunga, mama mmoja aliyeitwa Spès, alimpokea, akamfuta, akamtazama mdomoni. Kisha akaniita mimi badala ya mama yake.

Mtoto alikuwa amezaliwa na jino. Moja tu, la juu, upande wa kulia. Kwetu mtoto akianza kuota ya juu wanamwita kigego na wanamwogopa, lakini huyo anaota baada ya miezi. Hili lilikuwa jino la mtu mzima, pana, limejaza nusu ya ufizi mwekundu, rangi ya chai kavu. Katikati ya ncha yake palikuwa na kijipengo kidogo.

Mtoto akapiga miayo. Nikasikia kafuri.

Spès akanong'ona kwamba madaktari wanaweza kulitoa leo leo, au likaachwa, shauri ni la mama. Nikamwambia Asiya litoke, sasa hivi, nitamshika mimi mwenyewe. Asiya alikuwa anamtazama binti yake, na kidole chake kiko kwenye pengo lake.

"Tulilitosha mara moja, Dada," akasema. "Tukilitosha tena, litaenda kwa nani?"

Halikutolewa. Binti huyo leo ni mtu mzima, ana duka lake la ushonaji, na watu wanasema hakuna anayepandisha pindo vizuri kumshinda. Bibi yake Ghanima alimpa jina, na mnaweza kulikisia. Nimemnunulia mikasi minne. Kila nikimtembelea naikuta ndani ya mifuko yake, haijafunguliwa, na chai anayonikaribisha naishika mkononi tu mpaka ipoe.