Dakika Arobaini na Nane

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, ndege ndogo ilitua kwa tumbo katikati ya nyika, injini ikiwa imezima. Ndani walikuwemo rubani na fundi wa kampuni, aliyemwoa dada wa rubani. Fundi alitoka na mchubuko wa kiwiko. Rubani alitolewa paja likiwa limechanika na kichwa kikivuja damu. Redio haikutoa hata mkwaruzo. Maji yalikuwa lita mbili.

Fundi alilikaza paja kwa mkanda, akakunjua ramani. Kati ya kiwanja cha ndege walikotoka na kile walikokwenda palikuwa na kilometa mia mbili na arobaini, saa moja angani, yaani kilometa nne kila dakika. Barabara moja tu ilikata njia yao, kwenye kilometa ya mia na sitini. Kwingineko hakukuwa na mtu wala kisima.

Rubani alionyesha daftari la safari: dakika arobaini na nane. Kisha akauliza kwa nini hawajaondoka.

Basi walikuwa kwenye kilometa ya mia na tisini na mbili. Barabara ilikuwa nyuma, magharibi, umbali wa kilometa thelathini na mbili. Fundi alisema hakuiona kwa sababu ya mawingu. Rubani akasema naye hakuiona, halafu akasema aliiona mara mbili.

“Shemeji, umechanganyikiwa.”

“Mimi? Wewe ndiye unayesoma ramani kichwa chini.”

Ilikuwa kweli. Fundi aliigeuza, akamwachia lita moja, akaelekea magharibi.

Baada ya nusu saa alisimama kuandika muda kiganjani, na kalamu ikabaki hewani. Yeye mwenyewe aliwaamuru marubani waandike muda tangu injini inapowashwa, kwa kuwa matengenezo hufuata saa za injini. Kanuni hiyo iliifaa injini, si ramani. Asubuhi ile injini ilinguruma dakika kumi na mbili chini, wakisubiri trekta la kufyeka nyasi liondoke njiani. Angani walikaa thelathini na sita. Walikuwa kwenye kilometa ya mia na arobaini na nne. Barabara ilikuwa mbele, mashariki, kilometa kumi na sita.

Alipiga hesabu mara tatu. Mara ya pili ilikataa.

Alirudi. Chini ya bawa rubani alimtazama kama mgeni.

“Umekuja na nani?”

“Peke yangu. Nilikosea.”

“Fundi hakosei. Husahau tu.”

Damu ilikuwa imepenya mkanda. Fundi aliukaza tena, akasema anakwenda mashariki.

“Usipoikuta?”

“Basi hatutaonana.”

Saa tisa na nusu alasiri, bila tone la maji, alikanyaga changarawe iliyoshindiliwa. Kwa muda hakuamini, aliinama akaigusa. Lori la mawe lilisimama baada ya dakika ishirini.

Saa kumi na moja na dakika ishirini lori lilifika penye ndege. Rubani alikuwa akipumua. Alifumbua macho, akauliza kama wamekwisha fika.

Fundi alimwambia bado.