Kiti Kilichopulizwa

Kitu cha mwisho cha kawaida kilichotokea jioni ile ni kwamba Mama Apolonia alipuliza kiti.

Alifungua mlango wa mbele wa gari, akainama, akakipuliza kile kiti taratibu kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Akasubiri kidogo. Ndipo akaketi, na maua yake ya kaburini mapajani. Zenon Pietras, mume wa binti yake marehemu, Halina, alimngoja kwenye usukani. Alizaliwa na kukulia hapohapo Hamtramck, mji wa wahamiaji na viwanda vya magari, na bibi yake mwenyewe alikuwa akipuliza kila kiti cha jikoni ilipofika jioni ya kuamkia Siku ya Marehemu, kama hii, asije akamkalia marehemu aliyetangulia kufika. Zenon alikuwa injinia, msomi wa fizikia. Lakini kuna mambo ambayo mtu mwenye adabu habishani nayo, na kiti cha mkwe ni mojawapo.

Walikwenda makaburini, wakawasha mishumaa juu ya kaburi la Halina, ambalo nyasi zake zilikuwa bado changa. Alizikwa mwezi wa pili, ardhi ikiwa imeganda barafu. Hawakukaa sana. Wakati wa kurudi, giza likianza kushuka, Zenon alisimama kwa Stach Gburek, fundi wa magari, kutia petroli.

"Profesa!" Stach aliita, akijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Umekijaribu kidude chako?"

"Bado."

"Bado? Nimejichubua vidole viwili nikikibadilishia gurudumu la mpira, halafu unaniambia bado! Nilikwambia utie redio kama watu wengine. Redio haina njaa. Hicho kinakula santuri kama nguruwe anavyokula maganda."

"Stach, usimchochee," Mama Apolonia alisema kutoka ndani ya gari. "Leo hakizungushwi kitu."

"Hata magurudumu, mama? Basi akubebe mgongoni mpaka nyumbani?"

"Gurudumu la gari linakwenda mahali. Mimi nasema kinachozunguka palepale. Wewe cheka tu. Bibi yako angekuchapa."

Stach alicheka kweli, lakini alipomrudishia Zenon chenji aliinamisha kichwa dirishani, akasema kwa sauti ya chini, "Ukikijaribu, nenda nacho polepole. Gurudumu bado jipya." Kisha akakitazama kiti cha mbele alichokalia yule mama, akageuka haraka kwenda zake.

Kidude chenyewe kilikuwa kisanduku cha chuma chini ya dashibodi. Ukivuta, inatoka droo; ndani ya droo mna sahani inayozungushwa na gurudumu dogo la mpira, pole, polepole kuliko gramafoni ya nyumbani, na mkono mfupi wenye sindano. Kiwanda alichofanyia kazi Zenon kilivitia vidude hivi katika magari ya mwaka hamsini na sita, ili mtu aendeshe huku akisikiliza muziki alioutaka mwenyewe. Zenon ndiye aliyeshughulikia ule mkono. Tatizo lilikuwa mashimo na reli: gari likiruka, sindano nayo inaruka. Akatia springi na uzito, sindano ikaganda kwenye santuri kama kucha. Haikuruka tena. Ila kila ilipopita, ilichonga. Wanunuzi walilalamika, na baada ya muda mfupi kiwanda kikaachana navyo.

Nyumba yao ilikuwa ya ghorofa moja: mama juu, Zenon chini. Jikoni, kabla ya kutoka, Mama Apolonia alikuwa ameifunika cherehani shuka, na mkono wa kinu cha kahawa ameufunga kwa utepe mwekundu.

"Roho zinazopita usiku wa leo ni nyembamba kama uzi," alisema aliposhuka garini. "Kinachozunguka kinazinasa. Ingiza gari, uje unywe supu. Ya uyoga."

"Nakuja, mama."

"Zenek," alimwita kwa jina lake la nyumbani.

"Naam."

"Njoo kweli."

Aliingiza gari gereji, nyuma ya nyumba, akazima injini, akaufunga ule mlango mkubwa wa mbao. Lakini hakutoka. Alirudi akaketi nyuma ya usukani, gizani.

Wiki ile alikuwa amegundua jambo lililomtisha kuliko kifo chenyewe. Maneno ya Halina aliyakumbuka yote. Sauti yake hakuikumbuka. Alijaribu kitandani, alijaribu kazini, alisema maneno ya Halina moja moja, na kila mara yalimjia kwa sauti yake yeye mwenyewe.

Akafungua kabati dogo la dashibodi, akatoa santuri.

Haikuwa santuri ya dukani. Waliichonga wenyewe kwenye maabara ya kiwanda, siku za majaribio: bati la alumini lililopakwa vanishi laini nyeusi. Walihitaji sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya njia ya majaribio, ili dereva ajue ni wapi hasa sindano imeruka. Msomaji aliyepangiwa alipatwa na mafua, Zenon akamwita mkewe. Ilikuwa moja tu, haina nakala. Na vanishi ile ni laini. Chini ya mkono ule mzito ingestahimili kupigwa mara chache, baada ya hapo ingebaki kelele. Hakuna aliyelijua hilo kuliko Zenon.

Mara moja tu, alijiambia. Niikumbuke, basi.

Akavuta droo. Akaiweka santuri. Akabonyeza swichi.

Krrr... krrr... krrr...

"Washa gari, Zenek. Nenda taratibu, nimevaa kofia mpya."

Akafumba macho. Ndiyo. Ilikuwa hiyo, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa maneno, kama mtu aliyetoka kucheka.

"Pinda kushoto kwa mwoka mikate. Usisimame kununua chochote, tuko kazini... Haya, reli inakuja. Shikilia... Hiyo hapo! Kama bado unanisikia, haijaruka. Waambie wakuongeze mshahara." Kisha sauti ikawa ya chini, ya mtu na mumewe. "Tumefika. Nifungulie mlango."

Huo ulikuwa utani wao. Tangu siku za uchumba Zenon alikuwa na desturi ya kuzunguka gari na kumfungulia, na Halina alikuwa hashuki mpaka afunguliwe, hata mvua inyeshe, hata waliosimama nyuma yao wapige honi.

Mkono ulifika mwisho, ukajirudisha. Zenon alikaa, machozi yanashuka, wala hakuyafuta. Kisha akaipiga tena.

Safari ya pili harufu ilitangulia sauti.

Sabuni ya maua. Na sufu iliyolowa... lile koti lake la kijani.

Alijiambia kwamba vitambaa vya viti hutunza harufu. Ni kweli, hutunza.

"Washa gari, Zenek..."

Sauti ilikuwa imepungua. Kukwaruza kumeongezeka, na katikati ya kukwaruza ile sauti ilikuwa nyembamba, kama inapitia tundu la ufunguo. Kwenye kiti cha pembeni springi moja ililia. Kisha nyingine. Hakugeuza kichwa. Kwa pembe ya jicho aliona kiti kikibonyea, taratibu, kama kinavyobonyea mtu anapojitengeneza akae vizuri.

"Reli inakuja. Shikilia..."

Gari lilitikisika.

Lilikuwa limezimwa. Lilikuwa limesimama juu ya sakafu ya saruji.

Mtu mwingine angetoka mbio. Zenon hakutoka. Niseme ukweli ulivyo: hakuogopa, alifurahi. Miezi yote ile alikuwa akila peke yake, akilala upande mmoja wa kitanda, na sasa palikuwa na mtu pembeni yake. Alipoona kioo cha dirisha la upande ule kinaingia ukungu, kinafifia, kinaingia tena, kama mtu anavyopumua, alinyoosha mkono akairudisha sindano mwanzo.

Mara ya tatu spika haikusema kitu.

Sauti ilitoka kwenye kiti.

"Zenek... taratibu..."

Hapakuwa na kofia mpya. Hapakuwa na mwoka mikate. Maneno yote ya mzaha yalikuwa yamekwisha, yamechongwa.

"Reli... shikilia... nifungulie mlango."

"Kaa kidogo," alinong'ona.

"Nifungulie mlango."

"Kaa, Halina. Kidogo tu."

"Nifungulie mlango... nifungulie mlango... nifungulie mlango..."

Sindano imenasa kwenye mstari mmoja, alifikiri. Hutokea. Akauinua mkono wa sindano juu, wazi kabisa, akaushika hewani.

"Nifungulie mlango."

Sahani ilikuwa bado inazunguka. Pole. Palepale.

Hapo ndipo alipoona kwenye ncha ya sindano ule uzi mweusi wa vanishi iliyochongwa, uliojikunja kama ganda la kiazi. Hilo alilizoea. Aliushika ili autupe. Lakini haukukatika. Aliuvuta, ukaja... akauvuta, ukaja... mrefu, laini, na kadiri ulivyotoka ulipoteza weusi. Akaupeleka kwenye taa ndogo ya dashibodi.

Ulikuwa unywele. Rangi ya ngano.

Pembeni yake mtu alivuta pumzi kwa meno, kama anavyofanya anayechanwa nywele kwa nguvu na hataki kulia.

Zenon alizima swichi kwa ngumi.

Sahani ilizunguka kidogo kwa mwendo wake yenyewe. Ikasimama.

Kioo kiliingia ukungu. Kikafifia. Kikaingia tena.

Mlango wa gereji uligongwa, kwa kidole kimoja.

"Zenon." Ilikuwa sauti ya Mama Apolonia, ya chini sana. "Ulikuwa unazungusha nini humo?"

"Nimezima, mama."

"Nimekuuliza nini?"

"Sauti yake."

Zenon alisikia paji la uso wa yule mama likiegemea kwenye mbao. Baadaye akasema, "Amekaa wapi?"

"Mbele. Pembeni yangu. Anataka nimfungulie mlango. Nimfungulie, mama?"

"Hapa gereji? Kati ya makopo ya oili? Umemkamata njiani, mwanangu. Ukimshusha hapa atajua aende wapi? Umrudishe ulikomchukua, na iwe kumekucha."

"Na usiku huu?"

"Usiku huu kaa naye. Si ndicho ulichokitaka?" Kisha, kwa sauti nyingine, ambayo haikumlenga Zenon: "Halinka... mama yupo hapa nje. Usimkasirikie. Hana akili, ana shule tu."

Hakuondoka. Zenon alimsikia akivuta ndoo, akaigeuza, akaketi juu yake upande wa pili wa ubao, na hivyo ndivyo walivyokesha, mmoja ndani, mmoja nje, na katikati yao pumzi ile.

Asubuhi Zenon alichukua bisibisi akakifungua kile kisanduku chini ya dashibodi, akakata nyaya zake, akakiweka chini. Santuri aliitazama kwenye mwanga. Ilikuwa nyororo kama kioo, haina mstari hata mmoja. Alijiuliza maswali yanayomstahili mtu wa taaluma yake. Ukungu wa kioo ungeweza kuwa wa pumzi yake mwenyewe. Springi zilikuwa kuukuu. Halina alichana nywele ndani ya gari lile mara nyingi, na unywele mmoja huingia popote. Kila swali lilipata jibu, na majibu yote hayakumsaidia kitu, maana alipojaribu kuikumbuka sauti aliyoisikia jana, hakuipata. Wala ile ya zamani hakuipata.

Alilitoa gari nje. Mama Apolonia alikuja amevaa koti lake jeusi la kanisani, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. Alifungua mlango wa mbele, akainama, akakipuliza kiti.

Akasubiri.

Akapuliza tena.

Kisha akaufunga ule mlango polepole, kama mtu anayefunga chumba alimolala mgonjwa, akaingia nyuma.

"Nenda," alisema.

Zenon aliendesha. Alipinda kushoto kwa mwoka mikate na hakusimama. Walipoikaribia reli alipunguza mwendo mpaka gari likawa linatambaa, na midomo yake ikasema yenyewe, "Reli inakuja. Shikilia." Nyuma, mkwewe alipiga ishara ya msalaba. Magurudumu yalivuka chuma, moja baada ya jingine, na springi za kiti kisicho na mtu zililia.

Kwenye lango la makaburi moshi wa mishumaa ya jana ulikuwa bado umetanda chini chini. Zenon alizima injini. Alishuka, akazunguka mbele ya gari kama alivyokuwa akizunguka siku zote, bila haraka, akaufungua mlango wa upande wa Halina mpaka mwisho.

Baridi iliingia ndani. Kiti kilikuwa kimebonyea.

Alisimama. Mkono wake ulianza kufa ganzi kwenye kitasa. Watu walipita na maua yao, wakamtazama, wakaendelea.

"Mama," alisema mwishowe, bila kugeuka. "Ameshuka?"

Mama Apolonia alikuwa anakitazama kile kiti kutoka nyuma.

"Bado," alinong'ona.

Zenon akavua kofia, akaendelea kushika mlango.