Mlango wa Mama Vifungo

Kila asubuhi Mama Vifungo alifungua mlango wake, akakaa kwenye cherehani, akaanza kazi. Jina hilo alipewa na wateja. Kifungo kikipotea popote mtaani, kinachofanana nacho ulikipata kwake. Yeye na binti yake walikuwa wamepanga chumba kimoja katika nyumba ya Seremala. Jiko, bomba na bafu walitumia pamoja na familia ya mwenye nyumba. Kwa miaka miwili waliishi vizuri, wakiazimana chumvi na kupokezana ufagio.

Siku moja mchana alirudi kutoka kununua uzi. Chumba hakikuwa na mlango.

Haukuwa umevunjwa. Bawaba zilikuwa zimefunguliwa kwa bisibisi, moja baada ya nyingine, bila haraka. Vitambaa vya wateja vilikuwa wazi mezani. Binti yake alikaa kitandani, bado amevaa sare ya shule.

"Nimeshindwa kubadilisha nguo, mama," alisema. "Watu wanapita."

Mama Vifungo alichemka. Alijua bisibisi hiyo ni ya nani. Alivuka ua mpaka kwenye karakana. Mlango wake ulikuwa umelazwa juu ya mabenchi mawili, umekuwa meza. Seremala alikuwa akipiga randa ubao juu yake. Kikombe chake cha chai kilikuwa karibu na kitasa.

"Mzee, mlango wangu unafanya nini hapa?"

"Wako?" Seremala hakuinua kichwa. "Huu nimeutengeneza kwa mikono hii. Mpwa wangu anaoa, anataka chumba. Si nilikwambia juzi?"

"Ulisema anaoa. Hukusema nihame."

"Mwenye akili haambiwi mara mbili. Na tena, mama, mimi na wewe hatuna karatasi. Wewe hapa ni mgeni tu."

Mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alilishika miaka miwili, kodi ya kila mwezi haikuchelewa, na leo anaambiwa ni mgeni. Alirudi chumbani akatundika shuka mlangoni. Upepo ukalipeperusha.

Jirani yao, mama mmoja aliyekuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi, alikuwa akianika nguo. Aliliona lile shuka.

"Mwenzangu, mlango uko wapi?"

Mama Vifungo alimweleza yote. Karani aliacha nguo zake kwenye beseni.

"Mlipatana kwa mdomo?"

"Kwa mdomo tu. Karatasi sikuomba. Niliona aibu, tunakula jiko moja."

"Aibu hiyo ndiyo inayotuponza. Lakini mapatano ya mdomo nayo ni mapatano. Umekaa, umelipa, amepokea. Karatasi ingekupa ushahidi zaidi tu. Twende."

Walimkuta Seremala na mkewe, aliyekuwa akichambua mchele.

"Nyumba ni yako, hakuna anayebisha," Karani alianza. "Lakini chumba ukishakipangisha, anayekikalia ni mpangaji. Huingii bila hodi. Humwondoi kwa kung'oa mlango, kumkatia maji wala kumtupia vitu nje. Ukikihitaji, unampa notisi ya maandishi, kwa muda ambao sheria inataka. Muda huo ukiisha na hajatoka, unakwenda mahakamani. Amri inatoka huko, haitoki kwenye bisibisi."

"Yaani nyumbani kwangu niombe ruhusa?"

"Jikoni na uani, hapana. Hapo ni penu wote. Chumbani kwake, ndiyo."

Mama Vifungo naye akauliza. "Mzee, mkeo akiwa anaoga, halafu fundi aliyetengeneza mlango wa bafu aje kuung'oa kwa sababu ni kazi ya mikono yake, ungemwambiaje?"

Randa ilisimama.

"Mjibu," alisema mkewe. "Na mimi nataka kusikia."

Seremala aliondoa kikombe, akafuta vumbi la mbao, akaubeba mlango mgongoni. Kabla jua halijazama ulikuwa umerudi kwenye bawaba zake. Alimkabidhi Mama Vifungo funguo zote mbili.

Kesho yake waliandika mkataba. Walitaja chumba, vitu vya kutumia pamoja, nani atatengeneza kilichoharibika, na notisi ya miezi mitatu. Karani aliwahimiza waulize kwanza ofisi ya msaada wa sheria, kwa kuwa muda wa notisi hutofautiana mahali na mahali. Walitia saini, kila mmoja akabaki na nakala yake. Mpwa alipata chumba mtaa wa pili. Alipotaka kuingia bila karatasi, aliyemkataza ni mjomba wake.

Wiki iliyofuata Mama Vifungo alikuwa amesimama nyuma ya mlango, akikunja nguo alizopiga pasi. Alisikia hatua, kisha mlango ukibishwa.

"Hodi, mama. Naomba kuangalia dirisha, mvua isije ikaingia."

Mama Vifungo alikuwa amevaa vizuri, na chumba kilikuwa safi. Hapakuwa na cha kuficha.

"Ngoja kidogo, mzee."

Alikunja gauni moja taratibu, akakunja la pili. Nje, Seremala alingoja.