Pampu Iliyokohoa Mtoni Tiva

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shuleni, Kalunde alimsaidia mama yake kufunga pampu ya maji mgongoni mwa punda. Pampu hiyo ilikuwa mali ya kikundi cha akina mama wa kijiji chao karibu na Ikutha, na mama yake, Muthoki, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Mwaka huo wa 1986 mvua ilikuwa imekataa kabisa, na mto Tiva ulikuwa mchanga mtupu. Akina mama walichimba kisima katikati ya mchanga, wakawa wanavuta maji kwa pampu na kumwagilia nyanya zao. Kama nyanya zingekauka, hawakuwa na tegemeo jingine hadi msimu wa mvua.

Kalunde alikuwa na miaka kumi na miwili, na maswali yake hayakuwa na mwisho. Kwa nini moshi hutokea upande huu? Nani aliyegundua petroli? Mama yake alijibu maswali matatu. La nne likija, alimwambia akafagie ua.

Jumamosi moja Kalunde aliona petroli ikidondoka kutoka kwenye kifuniko cha tangi na kumchoma punda mgongoni. Alipochunguza, aliona tundu dogo sana katikati ya kifuniko. "Kumbe kimetoboka!" aliwaza. Kwao, kibuyu kikipata ufa kilizibwa kwa nta ya nyuki, na mambo yakaisha. Basi akachukua kipande cha nta, akakilainisha kwa vidole, akaliziba tundu lile barabara. Petroli haikudondoka tena. Alijiona fundi hasa, wala hakumwambia mtu.

Jumatatu pampu ikaanza vituko. Iliwaka vizuri, ikanguruma kwa muda wa robo saa, kisha ikaanza kusitasita. Ikakohoa, ikaishiwa nguvu, ikazima. Siku iliyofuata ikafanya vivyo hivyo, na majani ya nyanya yakaanza kunyauka.

Fundi Mutiso akaitwa kutoka sokoni. Alisafisha plagi, akapuliza kabureta, akafungua tangi na kuinusa petroli. Pampu ikawaka. Alipokuwa bado anajisifu, ikazima.

"Mashine haina shida," alisema akijifuta mikono. "Shida ni petroli. Hii imetiwa maji."

Petroli hiyo walikuwa wameinunua kwa Mzee Abdulatif, mwenye duka pale Ikutha, ambaye jamaa zake walitoka pwani zamani. Akina mama waliwaka kwa hasira.

"Siku ya soko tutamwambia mbele ya watu wote!" alisema Muthoki. "Tukitoka hapo, ni kwa chifu moja kwa moja."

Maneno hayana miguu, lakini yalifika dukani upesi. Alhamisi Kalunde alipotumwa chumvi, alimkuta Mzee Abdulatif ameketi peke yake. Hakukuwa na mteja hata mmoja.

"Mwanangu," mzee alisema polepole, "miaka ishirini nauza hapa. Sijamtilia mtu maji katika kitu chake."

Kalunde alimwonea huruma. Njiani akaanza kujiuliza: kama mzee anasema kweli, basi pampu inaugua nini?

Ijumaa baada ya shule alikwenda mtoni, akachuchumaa karibu na pampu. Ilinguruma, ikasitasita, ikazima. Mama yake alifungua kifuniko kuangalia kama petroli imebaki, na Kalunde akasikia "fyuuu!" Kifuniko kiliporudishwa, pampu ikawaka, lakini baada ya muda ikazima tena. Akakifungua mwenyewe. Fyuuu! Hewa ilikuwa inakimbilia ndani ya tangi. Safari hii alikirudisha bila kukikaza, na pampu ikawashwa tena. Pampu haikuzima.

Akakumbuka jinsi alivyokunywa maji kwenye kibuyu. Akiuziba mdomo wote wa kibuyu kwa midomo yake, maji hukataa kutoka mpaka aachie hewa iingie. Pampu nayo ilikuwa inakunywa petroli kutoka tangi lililozibwa! Tundu lile halikuwa ufa. Lilikuwa njia ya hewa, naye ndiye aliyeiziba.

Alichukua mwiba, akaitoa nta. Pampu ilinguruma mpaka mistari yote ya nyanya ikalowa.

"Leo imekubali!" alisema mama yake kwa furaha. "Labda yale maji yamekwisha ndani. Lakini kesho huyo mzee atanitambua."

Kalunde angeweza kunyamaza. Pampu ilikuwa imepona, na hakuna aliyejua. Lakini alimkumbuka mzee katika duka lile tupu, akashindwa kuvumilia.

"Mwaitu," alimwita mama yake kwa Kikamba, "petroli haina makosa. Ni mimi." Akamwonyesha nta na kumweleza yote huku akilia.

Mama yake aliichukua ile nta. "Wewe unauliza kila kitu. Mbona hili hukuuliza?"

"Nilidhani najua."

Kesho yake, akina mama wa kikundi walifika sokoni pamoja. Watu wakasogea, maana kila mtu alikuwa amesikia kwamba kutakuwa na kesi.

"Nilitaka kuja kumshtaki Mzee Abdulatif," Muthoki alisema kwa sauti. "Sasa nimekuja kumwomba msamaha. Tulimsingizia. Pampu ilizibwa tundu la hewa kwetu nyumbani."

Fundi Mutiso, aliyekuwa nyuma ya watu, akakumbuka ghafla kwamba ana kazi kwingine.

"Nani aliyeligundua hilo?" aliuliza Mzee Abdulatif.

Kalunde akainua mkono.

"Na nani aliyeliziba?"

Kalunde akainua mkono uleule. Soko zima likacheka, na mzee naye akacheka hadi akafuta macho.

Kisha akasema, "Sikiliza, mwanangu. Kukosea si ajabu, hata mafundi hukosea. Lakini ungeitoa nta ukanyamaza, pampu ingepona, na mimi ningebaki mwizi machoni pa watu hawa mpaka kufa kwangu. Usipojua, uliza. Na ukikosea, sema, hata kama hakuna anayekushuku."

Muthoki akamnyooshea jerikeni.

"Tujazie, mzee," alisema. "Nyanya zinatungoja."