Wenyeji Wenye Penseli

Mdogo wangu wa mwisho ni fundi seremala, na tangu ujana wake watu wanamwita Mlingoti. Alipokuja shuleni kwangu kutengeneza madawati, wanafunzi wangu wa darasa la pili walinyamaza wote kuangalia kama kichwa chake kitagonga fremu ya mlango. Hakikugonga, ila kilipita kwa nafasi ya kidole tu. Nayasema haya mwanzoni ili ujue alivyokuwa. Mengine nitayaeleza polepole, kama alivyonisimulia mwenyewe, hadi pale yaliponifikia nikayaona kwa macho yangu.

Wazo la safari lilikuwa la shemeji yetu. Huyu amemuoa mdogo wangu wa kati, mshonaji. Ni mtu mfupi sana, nasi tulimwita Kipisi. Siku ya harusi yao Mlingoti alimchongea kigoda, akamwekea mbele ya mpiga picha ili apande alingane na mkewe. Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nikiwemo. Kipisi akapanda, akatabasamu, akapigwa picha.

Miaka minne baadaye alimwambia Mlingoti, "Shemeji, kuna njia ya reli ya zamani. Vyuma viling'olewa, limebaki tuta tu. Ni siku saba kwa miguu. Tubebe hema, twende tukanyooshe mifupa."

"Wewe mifupa yako ukiinyoosha itafika wapi?" Mlingoti akamtania.

"Tutaona," Kipisi alisema.

Wakaondoka Jumamosi asubuhi, kila mmoja na mkoba wake. Jua lilikuwa la wastani, na Mlingoti aliimba hadi sauti ikamkauka.

Hema halikufunguliwa hata mara moja. Saa kumi za jioni walifika kwenye nyumba iliyo peke yake kando ya tuta, wakakuta mama mmoja amesimama mlangoni na mumewe na watoto watatu, kama watu wanaosubiri wageni. "Mlale nje na sisi tupo? Haiwezekani, baba. Ingieni." Maji ya moto ya kuoga yalikuwa tayari, na vitanda vilikuwa vimetandikwa shuka safi zenye harufu ya pasi. Mlingoti aliona haya kwa wema ule, akatoa pesa. Mama akausukuma mkono wake.

"Weka pesa yako, mwanangu. Sisi tunaomba kitu kimoja tu. Simama hapa mlangoni tukupime, tukukumbuke."

Mtoto mmoja akaleta penseli. Wakampima Mlingoti kwenye mwimo, ule ubao wa pembeni wa fremu ya mlango, wakachora mstari juu ya kichwa chake. Futi sita na inchi moja. Kisha wakampima Kipisi. Futi tano na inchi moja. Watoto wakapiga makofi. Mlingoti alisema hajawahi kulala usingizi mzito kama ule.

Jioni ya pili, nyumba nyingine, familia nyingine, makaribisho yale yale. Mama wa nyumba hiyo naye alikuwa na penseli. Siku ya tatu ikawa vivyo hivyo. Mlingoti alianza kukanyaga pindo la suruali yake.

"Umekonda kwa kutembea," Kipisi alimwambia. "Nguo zinakushuka."

Siku ya tano mkoba ulikuwa unampiga nyuma ya magoti. Viatu vilimpwaya hadi akajaza karatasi kwenye ncha. Alipotaka kumsemesha Kipisi walipokuwa wakitembea, hakuhitaji tena kuinamisha kichwa. Walikuwa wanatazamana macho kwa macho. Jioni hiyo alihitaji kuangalia juu.

Alasiri ya siku ya sita walifika nyumba ya sita. Wakapimwa. Babu wa nyumba hiyo alimpapasa Mlingoti kichwani, taratibu, kama mtu anayepima uivu wa tunda.

Kipisi akaingia jikoni. Mlingoti akabaki mlangoni peke yake. Fundi ana jicho lake. Aliona kuwa mwimo ule umepakwa rangi juu ya rangi, na chini ya rangi kuna mikwaruzo. Akatoa futi yake ya kazi, ile ya chuma ya kuvuta, akajipima. Tano na mbili. Akajipima tena. Tano na mbili.

Akatoa kisu, akakwangua rangi.

Mistari ilikuwa mingi. Ilikwenda miwili miwili, kila jozi kwenye tabaka lake la rangi. Kando ya kila mstari palichorwa mshale mdogo: mmoja unapanda, mwenzake unashuka. Ilikuwa ya watu wengi. Ule wa chini kabisa ulikuwa chini ya goti lake.

Kutoka jikoni akasikia minong'ono.

"Mwaka jana ulikuja peke yako, tukakwambia hatutoi bila kupokea," mama wa nyumba alisema. "Huyu ni wa kwenu kweli?"

"Ni ndugu wa mke wangu. Tumbo moja."

"Na mkeo ameridhia?"

Birika likaanza kuchemka. Mlingoti hakusikia jibu. Alisikia tu yule mama akisema, "Basi kesho ni nyumba ya mwisho. Kitanda chake cha mtoto kimeshatandikwa."

Aliacha mkoba. Akakimbia.

Alirudi na njia ile ile, siku nne, akilala kwenye majani. Kila nyumba aliyoipita, familia ilikuwa imesimama nje. Hawakumfukuza. Walimpungia mikono. "Karibu, baba, pumzika. Maji yapo." Wote wakitabasamu. Wote wakiwa na huruma machoni. Hakunywa hata tone la maji yao.

Mimi nilikuwa kibarazani nasahihisha madaftari. Nikaona mtu anaingia uani, nikadhani ni mwanafunzi wa zamani. Akasema, "Dada." Nikasimama. Macho yake yalikuwa usawa wa kidevu changu. Sura ilikuwa ile ile, na kovu la patasi mkononi lilikuwepo, ila limekuwa dogo.

Daktari alimpima, akaandika kwamba ni mzima, hana tatizo.

Kipisi alirudi wiki moja baadaye. Nilimwona kwa mbali akiinama kuingia kwake. Nikangoja atoke, nikaenda kwa mdogo wangu mshonaji. Alikuwa kwenye cherehani, hakuinua uso. Ukutani zilining'inia suruali sita za kiume, ndefu, zimepigwa pasi.

"Umezishona lini?" nikamuuliza.

Akakata uzi kwa meno. "Kabla hawajaondoka."

Nilikaa chini. Nilimfundisha huyu mtoto kusoma. Nilimsuka nywele.

"Ni mdogo wako," nilisema. "Ulimbeba mgongoni."

"Na nyinyi mlimletea mume wangu kigoda mbele ya watu mia mbili," akanong'ona. "Wewe ulicheka kuliko wote, dada. Nilikuwa nakuangalia wewe."

Akakanyaga cherehani, nami nikatoka.

Mlingoti sasa anaishi kwangu. Tulijipa moyo: hakufika nyumba ya mwisho, basi imeishia hapo. Kila asubuhi anajipima chumbani, ananisomea kwa sauti nami nikiwa napanga madaftari. "Tano na mbili, dada." Miezi mitano imepita hivyo. Tano na mbili. Nilikuwa nimeanza kulala vizuri.

Jumatatu iliyopita nilifungua mlango wa mbele niende shule. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake na ua wote ulikuwa tope laini, bila unyayo hata mmoja. Kwenye ngazi palikuwa na jozi ya viatu vipya vyeusi vya mtoto, wa miaka minne hivi. Vilikuwa vikavu. Kamba zilikuwa zimelegezwa, kama mzazi anavyomlegezea mtoto ili mguu uingie bila taabu.

Nikaviinua. Ndani vilikuwa na joto.

Nyuma yangu, chumbani, nikasikia futi ikivutwa. Ikajirudisha. Ikavutwa tena.

Nilisubiri asome. Hakusoma.